Mlango wa bafuni uliooza chini: jinsi ya kuutengeneza bila kununua mpya

Milango mingi ya bafuni huharibika sehemu moja tu, kiganja kimoja au viwili kutoka chini. Juu ni mzima, bawaba zinashika, kitasa kinafunga. Watu huutupa, wananunua mwingine, nao unaoza palepale. Chanzo ni ukingo wa chini kabisa, ule unaotazama sakafu: haukupakwa rangi. Mbao hunywa maji upesi zaidi pale nyuzi zilipokatwa kuliko ubavuni, kwa sababu nyuzi hizo ni kama mirija iliyoachwa wazi. Na fundi akipaka rangi mlango ukiwa umeshafungwa kwenye fremu, brashi yake haifiki huko. Usipouziba ukingo huo, kila utakachokitengeneza kitaoza tena.

Hapa nazungumzia mlango wa plaiwudi wenye uwazi ndani, ulioenea sana kwenye nyumba za kupanga. Kama wako ni wa mbao nzito, kazi ya kuunga mpelekee seremala, kisha uendelee mwenyewe kuanzia hatua ya nne.

1. Pima uozo kwa bisibisi

Choma mlango kwa ncha ya bisibisi kuanzia chini ukipanda juu. Pale inapoingia bila kusukumwa, pameoza hata kama rangi inang'aa. Weka alama pale mbao inapoanza kuwa ngumu, kisha ongeza sentimita 3 juu yake. Uozo ukiwa umefika kwenye bawaba ya chini, usipoteze pesa. Huo ni wa kubadilisha.

2. Uteremshe, ukauke

Weka kabari chini ya mlango ubebe uzito. Fungua skrubu za bawaba ya chini kwanza, za juu mwisho, usije ukaning'inia na kuchana fremu. Pima urefu wake wote na uuandike kabla ya kukata. Ulaze kivulini penye upepo siku kadhaa, bafuni tundika shuka. Usiharakishe hapa: gundi haishiki mbao yenye maji, na rangi juu ya unyevu hufura na kubanduka.

3. Kata, ingiza kibao, rudisha urefu

Chora mstari kwa skwea, upitishe wembe mara mbili tatu pande zote mbili ili plaiwudi isichanike, ndipo ukate kwa msumeno wa meno madogo. Utaona uwazi, na mbao nyembamba ubavuni kulia na kushoto.

Tafuta kibao chenye unene sawa na uwazi huo. Nenda kwa maseremala uulize mabaki. Keko jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi vipande vifupi vya mbao ngumu havikosekani, na aghalabu huuzwa kwa bei ndogo kwa sababu havitoshi kutengenezea kitu kikubwa. Ukikosa, chukua paina iliyotiwa dawa, mradi iwe kavu.

Kibao kiingie ndani ya uwazi sentimita 6, na kilichobaki kishuke hadi urefu wa awali wa mlango. Pembe zake mbili za juu zikate zipite kati ya zile mbao za ubavuni. Paka gundi, kiingize, kisha juu ya sehemu iliyobaki nje bandika vipande vya plaiwudi pande zote mbili hadi unene ulingane. Kama huna klampu, weka ubao bapa na matofali juu yake hadi kesho. Piga msasa.

Gundi nyeupe ya kawaida hulainika na kuachia ikilowa maji. Soma kopo: tafuta gundi yenye alama ya D3, au bora zaidi D4, inayostahimili maji. Hii ni moja ya sehemu mbili ambazo sikushauri ubane pesa. Nyingine ni rangi.

4. Ziba ukingo wa chini

Simamisha mlango kichwa chini. Mkono wa kwanza wa rangi ya mafuta uchanganye na tapentaini uwe mwepesi, upenye ndani ya nyuzi. Acha ukauke usiku kucha, kisha paka mikono miwili mizito bila kuchanganya. Halafu pande zote za sehemu mpya, na ukingo wa juu wa mlango pia, maana mvuke wa maji moto hupanda huko.

5. Bati upande wa bafuni tu

Bati bapa au alumini, kimo cha sentimita 20 hadi 30. Vipande vya dari la PVC navyo vinafaa, na kwenye majengo yanayomalizika hupatikana bure. Kosa ninalokutana nalo sana ni kulikunja bati chini na kulipandisha upande wa pili. Linakuwa bakuli, maji yakiingia hayatoki. Liishie sawa na ukingo wa chini. Ziba kwa silikoni juu na ubavuni, chini acha wazi maji yachuruzike. Tumia skrubu zisizoshika kutu, kila tundu likiwa na tone la silikoni.

6. Rudisha, kisha mwaga maji

Acha nafasi ya sentimita 1 na nusu kutoka sakafuni; ukihitaji kupunguza mlango, paka rangi upya pale ulipokata. Sasa mwaga ndoo ya maji bafuni na utazame yanaelekea wapi. Yakituama mlangoni, sakafu haina mwinamo wa kutosha, na hapo utahitaji kizingiti kidogo cha simenti au kurekebisha mwinamo kuelekea tundu la maji. Mpangaji, hilo ni la mwenye nyumba: mwonyeshe maji yaliyotuama, na muafikiane juu ya kodi kabla hujanunua simenti.