Wiki sita Ulaya kwa treni: anza na viza, tiketi zitafuata

Mwongozo huu ni wa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anayetaka kuzunguka nchi kadhaa za Ulaya kati ya Juni na Agosti. Wengi huanza kwa kuwinda ndege ya bei nafuu. Usianzie hapo. Viza ndiyo inayoamua njia yako, na ukishakosea pale, hakuna tiketi rahisi itakayokuokoa.

Hatua ya 1: Hesabu usiku wa kulala

Chukua karatasi, andika mji, nchi na idadi ya usiku. Mfano nitakaoutumia hadi mwisho: Amsterdam 4, Berlin 6, Praha 4, Vienna 5, Budapest 4, treni ya usiku 1, Venezia 2, Roma 6, Milano 2, Zürich 2, Paris 6. Jumla usiku 42. Ukiingia Juni 20 unatoka Agosti 1.

Chini ya usiku 2 mahali pamoja ni kuhama tu, hujatembea. Futa mji huo.

Hatua ya 2: Viza ya Schengen

Nchi 29 za Ulaya, ziitwazo eneo la Schengen, zinatumia viza moja, lakini unaiomba kwa nchi moja tu: ile utakayokaa muda mrefu kuliko zote. Hapa ndipo watu wanapopotea. Kwa mfano wetu ndege inatua Amsterdam, na mwombaji anakimbilia Uholanzi. Hesabu tena: Uholanzi 4, Ujerumani 6, Ufaransa 6, Italia 2+6+2 = 10. Ombi ni la Italia. Ukipeleka kwa Uholanzi, watakurudisha na miadi yako ya kupeleka ombi imepotea.

Je, nchi zikilingana? Basi unaomba kwa nchi utakayoingilia kwanza. Nakushauri usifike huko, kwa sababu utaanza kubishana na mtu anayepokea maombi ya viza dirishani. Ongeza usiku 2 kwenye nchi moja, ratiba ijieleze yenyewe.

Ombi linaruhusiwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisipungue siku 15 kabla. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kuvutwa hadi 45. Kwa safari ya Juni 20, unaweza kuomba kuanzia Desemba 20; tafuta miadi Januari au Februari. Anayengoja Mei anakuta nafasi zimekwisha. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, nayo hairudishwi hata ukikataliwa.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na uhai wa miezi 3 baada ya kutoka Ulaya, na kurasa 2 tupu. Bima ya safari isipungue yuro 30,000, ifunike nchi zote za Schengen na siku zote za safari. Taarifa ya benki ioneshe mshahara au biashara ikiingia mwezi hadi mwezi. Fungu kubwa lililotua wiki moja kabla ya miadi linazua maswali. Kama ni halali, ambatanisha karatasi ya lilikotoka. Ukilala kwa ndugu, barua ya mkono mara nyingi haitoshi. Ufaransa, kwa mfano, mwenyeji huchukua hati ya *attestation d'accueil* kwenye ofisi ya meya wa mji wake.

Kuhusu idadi ya kuingia: Uingereza, Ayalandi, Serbia, Bosnia na Albania haziko Schengen. Mwenye viza ya kuingia mara moja akienda London siku mbili, hawezi kurudi Paris. Na London yenyewe inataka viza yake. Kama njia yako inatoka nje na kurudi, omba kuingia mara mbili au zaidi kwenye fomu, na ratiba ioneshe sababu.

Viza ikitoka, isome kabla hujaondoka dirishani. Kuna vitu viwili vinavyofanana na havifanani: tarehe za mwanzo na mwisho, na idadi ya siku za kukaa. Mara nyingi tarehe huongezwa siku 15 za akiba. Unaweza kuona Juni 20 hadi Agosti 16, lakini siku ni 43. Zinazokubana ni zile 43. Siku ya kuingia inahesabiwa, na siku ya kutoka pia: siku 11 za Juni, 31 za Julai na 1 ya Agosti, jumla 43. Hakuna hata moja ya ziada, kwa hiyo kwenye ombi weka siku mbili tatu za nafasi. Aliyekwisha kwenda Ulaya mwaka huohuo ahesabu pia: kikomo ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na mfumo mpya wa mpakani unazihesabu kwa kompyuta.

Hatua ya 3: Ndege

Ingia Amsterdam, tokea Paris. Kwa ombi la viza peleka nafasi iliyoshikwa. Tiketi yenyewe ilipie viza ikishatoka.

Hatua ya 4: Treni

Kuna pasi ya treni, yaani tiketi moja ya kupandia treni za nchi nyingi. Ya kwenu ni Eurail. Interrail ni ya wakazi wa Ulaya. Kwa safari hii mimi siipendekezi. Faida ya pasi ni kubadili mawazo, na wewe ratiba yako imeshafungwa na viza. Isitoshe, treni za kasi za Italia na Ufaransa zinamtoza mwenye pasi ada ya kiti juu yake. Viza ikitoka tu, nunua tiketi moja moja kwenye tovuti ya shirika la reli la nchi unayoanzia. Bei za mapema huisha kwanza.

Kutoka Budapest rudi Vienna, na hapo hadi Venezia panda treni ya usiku, na lipia kitanda. Usiku mzima kwenye kiti unakuharibia siku inayofuata. Kwenye mabango Vienna huandikwa Wien.

Italia, tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa ipigwe muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo ni faini. Migomo ni ya kawaida. Hata wakati wa mgomo, siku za kazi treni za mkoa huhakikishwa kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na saa 12 hadi saa 3 usiku.

Pasipoti ikae mwilini, si kwenye begi la juu. Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024.

Hatua ya 5: Hela na simu

Czech, Hungaria na Uswisi hazitumii yuro. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa fedha ya pale, chagua ya pale. Amsterdam inaongeza kodi ya watalii ya asilimia 12.5 juu ya chumba.

Laini ya Uholanzi hufanya kazi nchi zote za Umoja wa Ulaya bila gharama ya ziada. Uswisi haimo. Zima data kabla treni ya Milano haijavuka mpaka, uiwashe tena ukiingia Ufaransa.