Kupima jinsi mwanga unavyowasha jeni za mmea

Kazi hii ina sehemu mbili: kwanza unahesabu mbegu zilizoota, kisha unapima jeni zenyewe. Usiiruke ya kwanza hata kama mashine ya PCR, inayonakili DNA mara nyingi ili ipimike, iko mezani inakusubiri. Ndiyo itakayokuonyesha kama giza lako ni giza kweli.

Hatua ya 1: Giza

Chumba kiwe giza totoro. Ziba mwanya wa chini ya mlango, funika vitaa vya mashine, na simu ibaki nje. Taa hafifu ya kijani inaruhusiwa kwa sababu fitokromu, protini inayopokea mwanga mwekundu, hainyonyi sana rangi hiyo. Hata hivyo huinyonya kidogo, basi iwashe kwa sekunde chache tu.

Hatua ya 2: Mbegu

Tafuta saladi inayohitaji mwanga ili iote; Grand Rapids ndiyo maarufu. Aina nyingine huota hata gizani, nazo hazikufai hapa. Weka mbegu 50 kwenye kila kisahani cha petri chenye karatasi ya kuchujia, zilowanishe gizani, zungushia foili mara mbili, uziache saa chache zinywe maji. Joto libaki nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi. Likikaribia 30, mbegu hugoma kuota hata zikimulikwa.

Hatua ya 3: Visahani vinne

Cha kwanza usikifungue. Cha pili kimulike mwanga mwekundu wa nanomita 660 kwa dakika 5. Cha tatu kipe mwekundu, kisha mwekundu wa mbali wa nanomita 730, ule ambao jicho haliuoni vizuri, kwa dakika 10. Cha nne kipe mwekundu, wa mbali, halafu mwekundu tena. Virudishe gizani, uhesabu baada ya siku mbili.

Cha pili na cha nne vitaota kwa wingi; cha kwanza na cha tatu vitadorora. Mmuliko wa mwisho ndio wenye amri. Borthwick, Hendricks na wenzao waliripoti hivyo mwaka 1952 kutoka Beltsville, Marekani, miaka kadhaa kabla fitokromu haijaonekana katika kipimo chochote. Mpaka leo sijaona jaribio la bei nafuu linaloeleza mengi kuliko hili.

Kisahani cha gizani kikiota sana, tafuta kwanza mwanya wa mwanga. Usipoupata, mulika mbegu mpya kwa mwekundu wa mbali peke yake. Uotaji ukishuka, basi mbegu zilikuja na fitokromu hai tangu zikiwa kwenye mmea mama.

Ndani ya seli hutokea hivi: mwanga mwekundu hubadili umbo la fitokromu, nayo huingia kwenye kiini. Humo hukutana na protini ziitwazo PIF, ambazo gizani hukalia DNA na kuendesha maisha ya gizani. Fitokromu ikizishika, PIF huvunjwa. Wakati huohuo protini COP1, ambayo gizani huiangamiza protini nyingine, HY5, hupunguzwa nguvu. HY5 hujikusanya na kuwasha jeni za klorofili na za usanisinuru.

Hatua ya 4: Miche

Hapa tumia Arabidopsis, mmea mdogo unaotumika sana maabara. Loweka mbegu kwenye nyuzi 4 kwa siku tatu, zipe mwanga mweupe saa chache ili ziamke, kisha gizani siku nne. Utapata miche mirefu, ya manjano, vichwa vimeinama. Mulika kundi moja. Jingine libaki gizani. Vuna yote mawili saa ileile, kwa sababu jeni nyingi za mwanga hufuata pia saa ya ndani ya mmea. Ukilinganisha mche wa asubuhi na wa jioni, hutajua umepima mwanga au muda.

Hatua ya 5: RNA

Miche ya gizani ivunwe gizani na kutumbukizwa papo hapo kwenye naitrojeni kimiminika, ambayo ni baridi kali. Saga ikiwa imeganda, toa RNA, yaani nakala zinazotolewa na jeni zilizowashwa, ondoa DNA iliyobaki kwa kimeng'enya, kisha geuza RNA kuwa DNA kwa ajili ya PCR. Tayarisha pia sampuli isiyotiwa kimeng'enya cha kugeuza. Ikitoa ishara kali, DNA bado imo.

Anza na jeni za LHCB, za protini zinazonasa mwanga wa usanisinuru, ambazo hupanda waziwazi ndani ya saa chache. Jeni ya kulinganishia ihakikiwe kwanza kwamba haibadiliki kwa mwanga. Nyingine zinazosifiwa kuwa tulivu huyumba miche inapotoka gizani. Kila mzunguko wa PCR huongeza nakala karibu maradufu, hivyo tofauti ya mizunguko 3, baada ya kusawazisha, ni takribani mara 8.

LHCB ikiwa juu hata kwenye miche ya gizani, usibadili kwanza praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR. Rudi hatua ya 1, ukague chumba.