Sanduku la cheni la skidi stia kuukuu: kumwaga oili hakutoshi

Kila anayeniletea skidi stia ya zamani (ile mashine ndogo ya kuchotea udongo, yenye ndoo mbele; wengi huiita Bobcat hata kama ubavuni imeandikwa jina jingine) hunihakikishia kuwa oili ya injini ni mpya, filta mpya, grisi imepigwa kila kona. Nikiuliza sanduku la cheni lilifunguliwa lini mara ya mwisho, ananitazama kama nimemuuliza habari za mizimu. Basi, chini ya miguu ya dereva, katikati ya magurudumu, kuna sanduku la chuma lililofungwa. Humo ndani cheni zinachukua nguvu kutoka mota za haidroliki na kuzipeleka kwenye ekseli, zikiogelea kwenye oili miaka nenda miaka rudi.

Endesha mashine kama nusu saa kwanza. Oili ikiwa ya moto hutoka na uchafu wake. Ikiwa baridi hutoka yenyewe na kuuacha uchafu chini. Egesha pakavu na sawasawa, ndoo chini, betri uchomoe. Kama kebini haiinuki mpaka mikono ya ndoo iwe juu, weka nguzo ya chuma ya kuizuia mikono hiyo isishuke. Usiiamini haidroliki hata dakika moja. Kisha inua mashine kwa jeki na uikalishe juu ya magogo imara.

Fungua kizibo cha chini. Andaa madumu zaidi ya moja, na oili ya kwanza kinga kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie hadi kesho. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yanaingia, mara nyingi kupitia gasketi za vifuniko vya juu, kwa sababu watu huosha kebini kwa pampu ya presha. Ikiwa sanduku lilikuwa limejaa kupita kiasi huku tangi la haidroliki likipungua, sili ya mota (mpira unaozuia oili isivuje) imekufa; usijipongeze kwamba mashine haili oili. Ikimetameta kama rangi ya fedha, ulizia beringi. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha ni vya cheni au sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni).

Sasa kazi chafu. Toa vifuniko vya sakafuni, uvisafishe kabla ya kuvifungua ili mchanga usidondoke ndani. Chini utakuta tope jeusi, zito, limegandamana kwenye kona. Hilo kizibo hakilitoi. Mimi hulichota kwa kipande cha bati nilichokikunja kama koleo, kisha namwaga dizeli kidogo, nasugua kwa brashi, nafyonza, narudia hadi dizeli itoke safi. Petroli kamwe, mvuke wake hauhitaji zaidi ya cheche moja. Malizia kwa sumaku iliyofungwa kwenye waya. Siku moja sumaku yangu ilinasa spana namba 17, nikaanza kumlaani fundi aliyenitangulia mpaka nilipoona alama yangu ya rangi nyekundu kwenye mpini.

Ukiwa humo kagua cheni. Pingili iliyokakamaa, rola iliyopasuka, meno ya sproketi yaliyopinda kama ndoana: vyote vinaonekana kwa tochi. Uchakavu unapimwa kwa rula. Kama cheni yako ikiwa mpya ni milimita 25.4 kutoka pini hadi pini, pingili 12 zinatoa 304.8. Ukisoma 309, anza kutafuta nyingine. Ukisoma 314, hiyo imekwisha. Baadhi ya mashine zina kikaza cheni, nyingine hazina, na kwa hizo dawa ni kubadilisha tu. Kuona upande uliofichika, rudisha vifuniko, shusha kebini, rudisha betri, washa, zungusha magurudumu kidogo, zima, chomoa betri, fungua tena. Inachosha, lakini vidole havioti.

Kabla ya kufunga, vua magurudumu uangalie nyuma ya habu (kitovu cha gurudumu). Waya na kamba hujiviringisha pale kimyakimya na kuikata sili ya ekseli. Nimewahi kutoa kamba ya nailoni urefu wa mkono wangu.

Weka gasketi mpya. Silikoni ukipaka, iwe uzi mwembamba, kwani inayozidi hudondoka ndani. Mashine nyingi hutumia oili ya injini, nyingine ya haidroliki. Hakimu ni kitabu cha mashine. Ukisharudisha magurudumu na kuishusha mashine sakafuni ikae sawasawa, jaza taratibu hadi oili ichungulie kwenye tundu la kipimo.

Fanya kazi siku moja, kisha kaza tena nati za magurudumu na upitishe kitambaa cheupe ndani ya kila rimu. Kikitoka na oili, sili ya upande huo bado inakudai.