Nimonia kwa Mgonjwa wa Mashine ya Kupumulia: Kutoka Makohozi hadi Jibu la Kwanza

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumwelekeza mwenzangu mgeni wa zamu ya usiku, aliyeletewa makohozi mazito kutoka chumba cha wagonjwa mahututi.

Hatua ya 1: Sampuli. Mgonjwa awe amepita saa 48 kwenye mashine na ana dalili mpya, kwa maana mrija wa kupumulia hukaliwa na bakteria hata pasipo ugonjwa. Makohozi yavutwe kabla ya kuanza au kubadilisha antibiotiki, yafike maabara ndani ya saa 2.

Hatua ya 2: Slaidi. Paka rangi ya Gram, inayotofautisha makundi ya bakteria, mara moja. Kwa lenzi ya 10, seli bapa za epitheli zikifika 10 au zaidi kwa kila uwanja, hayo ni mate; omba sampuli nyingine. Kisha tafuta kwa lenzi ya 100 bakteria waliomezwa na seli nyeupe, na ukiwaona, mpigie daktari simu saa hiyo hiyo. Kwangu mimi slaidi iliyosomwa vizuri usiku ina thamani kuliko ripoti nadhifu ya keshokutwa.

Hatua ya 3: Kulainisha na kuhesabu. Hapa ndipo majibu mengi huharibika. Makohozi mazito hayapandi sawasawa kwenye kitanzi, kifaa kidogo cha kuchotea sampuli: mara kinabeba uzi wa kamasi, mara hakibebi kitu, na hesabu inakuwa ya kubahatisha. Changanya makohozi na dithiothreitoli, dawa ya kulainisha kamasi, kwa ujazo ulio sawa, tikisa, kisha subiri hadi yatiririke kama maji. Yakiwa bado yananing'inia, endelea kusubiri. Tumia kitanzi cha plastiki cha mikrolita 1, kwani cha waya hupinda kikapoteza kipimo, na ukitumbukize kikiwa wima. Koloni 1, yaani kidoa cha bakteria kilichoota, kwa kawaida ni bakteria 1,000 kwa mililita, lakini kwa kuwa umeongeza dawa ya kulainisha, hesabu ni 2,000. Kwa hiyo kiwango cha ugonjwa cha 100,000 kwa mililita kinachotumika kwa makohozi ya mrija hufikiwa kwa koloni 50, wala si 100. Maji ya kuosha mapafu yana kiwango chake, 10,000, na kwa kawaida hayahitaji kulainishwa.

Hatua ya 4: Kuotesha. Tumia agari, yaani vyakula vya kuoteshea bakteria, ya damu, ya chokoleti na ya MacConkey, nyuzi 35 hadi 37. Soma baada ya saa 24 na 48. Kandida (fangasi) pekee isikufanye uandike nimonia. Bakteria Klebsiella, Pseudomonas au Acinetobacter akifikia kiwango, panga siku hiyo hiyo kipimo cha kujua antibiotiki inayomuua, na kwenye ripoti taja aina ya sampuli kando ya hesabu.