Dipoli ya bendi nne kwenye minazi miwili: jinsi ninavyoifunga hapa Tanga

Leseni kwanza. Kurusha kwenye bendi za redio ya ridhaa (ya kujifurahisha, si ya biashara) kunataka kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, hata kama una wati tano tu. Ukishakuwa na alama yako ya kujitambulisha hewani, inayoanza na 5H, tafuta koleo na minazi miwili.

Dipoli ni antena ya waya yenye mikono miwili, na hii ni jozi tatu za waya zinazokutana katikati na kulishwa na kebo moja. Jozi moja ni ya bendi ya mita 40 (hilo ni jina la bendi kwa urefu wa wimbi, si urefu wa waya), nyingine ya mita 20, ya tatu ya mita 10. Mita 15 tutaipata kwa ujanja.

Hatua ya 1: Vipimo

Chukua 143, gawa kwa megahezi, utapata urefu wote kwa mita. Kwa megahezi 7.1 (bendi ya mita 40) kila mkono, yaani nusu ya urefu huo, ni mita 10.07, kwa 14.2 (mita 20) ni 5.04, kwa 28.4 (mita 10) ni 2.52. Hizo ni namba za kuanzia tu. Ukitumia waya wa umeme wa nyumbani, kama mimi, ganda lake la plastiki litakulazimisha kuufupisha zaidi. Hata hivyo mkono wa mita 40 ukate 10.40. Waya mrefu hukunjwa; mfupi huungwa, na huku pwani kila kiungo ni mlango wa chumvi.

Hatua ya 2: Katikati

Hapa usifanye haraka. Dipoli yangu ya kwanza niliifunga Sahare, nikasokota waya bila lehemu. Masika yalipokwisha shaba ilikuwa kijani, na SWR, kipimo cha jinsi antena inavyopatana na redio (ikiwa ndogo ndiyo nzuri), ilicheza kila upepo ukivuma. Siku hizi natoboa kibao cha plastiki cha kukatia mboga, napitisha waya, natia lehemu, kisha napaka silikoni mpaka kwenye mdomo wa kebo. Maji yakiingia kwenye suka la kebo hayatoki tena. Chini yake zungusha kebo mara nane kwenye bomba la inchi nne, ili ganda la kebo lisigeuke kuwa sehemu ya antena.

Hatua ya 3: Kutundika

Mkwezi apande mara moja tu: afunge roda chini ya kilele na kupitisha kamba, kama henza ya jahazi. Baada ya hapo unapandisha na kushusha mwenyewe. Kamba iwe ya nailoni. Mkonge wetu naupenda, lakini mvua huuozesha. Upande mmoja usiufunge kwenye shina, ning'iniza dumu la maji la lita tano, maana kusi ikivuma mnazi huyumba na waya hukatika. Nyaya fupi zivute kwa mshipi wa kuvulia, ziachane na ile ndefu kwa pembe, zikilaliana zinasumbuana. Kaa mbali kabisa na nyaya za umeme, na radi zikianza chomoa kebo.

Hatua ya 4: Kupima

Anza na jozi ndefu. Tafuta SWR inaposhuka kabisa. Tuseme ni 6.85 nawe unataka 7.1: zidisha 10.40 kwa 6.85, gawa kwa 7.1, unapata 10.03. Kunja sentimita 37 kila upande, uzibane sambamba na waya wenyewe. Usikate bado! Kisha mita 20, kisha 10, halafu rudia ya kwanza, kwa sababu ukigusa jozi moja nyingine nazo husogea.

Hatua ya 5: Mita 15

Megahezi saba, za bendi ya mita 40, mara tatu ni ishirini na moja, za mita 15, kwa hiyo watu husema dipoli ya mita 40 inafanya kazi mita 15 bila kuguswa. Sivyo hasa. SWR hushuka karibu na 22, nje ya bendi inayoishia 21.45. Pima mita 3.4 toka katikati kwenye kila mkono mrefu, fungia hapo kipande cha waya cha sentimita 30 kining'inie, ukitie lehemu. Pima. Bado iko juu? Kirefushe kidogo kidogo, pande zote mbili sawa. Ikitulia kwenye 21.2, rudi ukaangalie 7.1, nayo itakuwa imeshuka kidogo, basi kunja sentimita chache mwishoni.