Umehamia kwenye wingu? Mlango bado unaulinda wewe

Seva ya kwanza niliyohamisha, yaani kompyuta ya kutunzia hesabu za biashara, ilikuwa chini ya ngazi, kwenye duka la jumla la spea za pikipiki mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Juu yake kulipangwa maboksi ya tyubu, pembeni kuna feni ya mezani iliyopewa kazi ya kiyoyozi. Ufunguo wa stoo ulining'inia kwenye msumari nyuma ya kaunta. Nilipomweleza mwenye duka kwamba hesabu zake zitahamia kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa intaneti, aliuliza, "Sasa mwanangu, huko nani anazilinda?"

Jengo wanalinda wao, wenye wingu. Vituo vikubwa vya data vina walinzi, kamera, milango ya kadi, jenereta na mitambo ya kuzima moto. Microsoft walifungua vyao Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon wakaja Cape Town mwaka 2020, Google Johannesburg mwaka 2024. Hapa Dar tunacho Kituo cha Taifa cha Data, Kijitonyama. Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize mtoa huduma: data zangu zitakaa nchi gani, mna cheti cha ISO 27001 (kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa), na nakala ya akiba inakaa jengo lipi? Hilo la mwisho usikubali kujibiwa juujuu. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kiliwaka moto na jengo zima likateketea. Wapo wateja ambao akiba zao zilikuwa palepale.

Yanayobaki ni yako, na hapo ndipo nimeona watu wakilia.

Anza na akaunti kuu, ile iliyofungulia huduma. Kwa yule mzee mwenye duka, nilikuta huduma imefunguliwa kwa barua pepe binafsi ya kijana aliyewatengenezea tovuti, na kijana mwenyewe alishaondoka. Tulimtafuta wiki tatu. Fungua kwa barua pepe ya biashara, iwe na nywila yake peke yake, iandike kwenye karatasi, karatasi iingie kwenye sefu. Akaunti hiyo isitumike kwa kazi za kila siku. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili, lakini kwa programu ya simu inayozalisha tarakimu, siyo kwa SMS. Sote tunawajua wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tapeli wa namna hiyo akifanikiwa kuirudisha laini yako kwenye simu yake, tarakimu zako anazipokea yeye. Ukishawasha, utapewa orodha ya namba za dharura. Zichape, ziingie sefu ileile, maana simu za Kariakoo huibwa pia.

Halafu watu. Kila mfanyakazi awe na jina lake la kuingilia. Dada wa kaunta auze na atoe risiti. Kufuta mauzo siyo kazi yake, basi asipewe uwezo huo. Kwenye duka lile nywila moja ilitumiwa na watu sita, imebandikwa kwenye mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, kwa selotepu. Mtu akiacha kazi, funga akaunti yake kabla hajamaliza kuaga. Ufunguo wa stoo humwachii. Huu nao usimwachie.

Mafaili uliyopakia yakague hivi: nakili kiungo cha faili, kifungue kwenye simu ya jirani ambayo haijaingia kwenye akaunti yako. Likifunguka, dunia nzima inaweza kulisoma. Rudi kwenye mipangilio, ulifunge.

Akiba sasa. Weka nakala 3, kwenye aina 2 za hifadhi, 1 ikiwa mbali na nyingine. Moja iwe kwenye diski ya nje, na ukimaliza kunakili ichomoe. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha hula chochote kilichochomekwa. Ila nakala ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu. Nilimwambia mzee achague siku yoyote, akasema, "Nionyeshe mauzo ya Jumamosi kabla ya Idi." Faili lilikuwepo, na ukubwa wake ulionekana. Ndani tupu. Programu ilikuwa ikinakili folda isiyo yenyewe kwa miezi, na mimi ndiye niliyeipanga. Siku hizi narudisha siku moja, yoyote, kila mwezi.

Kuna ulinzi mwingine wasiouita ulinzi: kuweza kuuza mtandao ukiwa chini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Kuwa na laini za kampuni mbili husaidia siku nyingi, lakini zote mbili zinaweza kupita mkongo mmoja. Chagua programu inayouza bila mtandao na kupeleka hesabu baadaye.

Ukihifadhi majina na namba za simu za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Ilianza kutumika 1 Mei 2023. Jisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na usome masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi kabla ya kuchagua kituo cha nje.

Mwisho, ile seva kuukuu. Usimuuzie mnunua vyuma chakavu na diski ikiwa ndani. Ulichofuta kwa kubonyeza tu kinaweza kurudishwa. Yetu tuliichomoa, tukaipeleka Gerezani kwa fundi wa mageti. Akaitoboa matundu manne kwa drili, akachukua elfu mbili yake, akauliza kama tuna nyingine.