Kuvuta feleji ya awamu mbili: nani anabeba mzigo?

Mashine ya kuvuta hutoa namba moja, kumbe ndani ya feleji hii wabebaji ni wawili, yaani awamu mbili za chuma zenye mpangilio tofauti wa atomi: feraiti laini na martensaiti ngumu. Mkazo, yaani nguvu kwa kila eneo, ukisomeka megapaskali 600 kwenye skrini, huenda hakuna hata mmoja wao anayebeba 600. Huo ni wastani tu. Mimi huutenganisha hivi.

Usikimbilie mashine. Huchukua feleji yenye kaboni asilimia 0.1, nikaipasha hadi nyuzi 760 hivi za Selsiasi ili sehemu yake tu igeuke austenaiti, awamu ya chuma ya joto la juu, kisha nikaitumbukiza majini. Austenaiti hiyo ndiyo inayokuwa martensaiti. Ng'arisha kipande, kipake asidi ya nitriki ya asilimia 2 ndani ya alkoholi, kitazame kwa hadubini: feraiti ni nyeupe, martensaiti imefifia kuelekea weusi. Tandaza gridi juu ya picha uhesabu nukta zinazoangukia martensaiti. Kazi inachosha macho, lakini hesabu yote inasimama juu yake.

Tuseme umepata asilimia 25. Feraiti karibu haipokei kaboni, kwa hiyo martensaiti inabaki na kama asilimia 0.4. Ukizidisha joto martensaiti ikafika nusu, kaboni yake inashuka hadi 0.2 hivi, na ugumu unashuka nayo. Visiwa vya martensaiti ndani ya feraiti ni vingi zaidi, lakini kila kimoja kimelegea.

Sasa vuta. Kipimio cha urefu kibanwe kwenye sampuli yenyewe. Nilipoanza kazi nilisoma mwendo wa kichwa cha mashine, nikapata moduli (kipimo cha jinsi chuma kinavyokataa kurefuka) ya gigapaskali 40 badala ya 210 hivi. Nilikuwa nimepima vibanio vikijivuta!

Mwanzoni awamu zote mbili hurefuka karibu sawa. Kisha feraiti inakubali kwanza, yaani inaanza kurefuka bila kurudi, na mchoro wa mkazo dhidi ya urefukaji unapinda taratibu bila ngazi ya ghafla, kwa sababu martensaiti ilipozaliwa ilitanuka na kuisukuma feraiti iliyoizunguka, hivyo baadhi ya sehemu zake hukubali mapema kuliko nyingine. Soma mkazo wa kukubali pale urefukaji usiorudi unapofika asilimia 0.2. Ukiona ngazi, shuku upoozaji wako: pengine ulikuwa wa polepole.

Feraiti ikishakubali inarefuka, martensaiti inagoma, na mkazo unahamia kwake. Chukua mfano: wastani ni 600, na umekadiria feraiti inabeba 450. Robo tatu ya 450 ni 337.5, zinabaki 262.5, na hizo zinabebwa na robo moja tu ya chuma. Gawanya kwa 0.25: megapaskali 1,050. Urefukaji nao una hesabu hiyohiyo. Kipande kizima kikirefuka asilimia 5 na martensaiti asilimia 1 tu, feraiti imerefuka karibu 6.3.

Makadirio ya feraiti ndiyo sehemu dhaifu. Mwenye nafasi ya kutumia miale ya nyutroni anaweza kupima jinsi nafasi kati ya tabaka za atomi zinavyotanuka, na hivyo kujua mkazo wa kila awamu. Mimi huvuta feraiti tupu pembeni, nikikumbuka kwamba ile iliyobanwa kati ya visiwa ni ngumu zaidi.

Simamisha hesabu nguvu ikifika kilele. Baada ya hapo shingo inaanza, yaani kipande kinakonda mahali pamoja, na wastani wa kipande kizima hauelezi tena kinachotokea shingoni. Kikikatika, kipasue kwa urefu, king'arishe, utazame chini kidogo ya mvunjiko: vitundu vimejipanga kandokando ya visiwa vya martensaiti, na vingine viko katikati ya kisiwa kilichopasuka vipande viwili.